Demelash Anachagua Programu

Demelash Wubneh, mpiga picha wa hapa Piassa, Gondar, ni mtu mwema, na kasoro yake ni moja tu: hawezi kuchagua. Mpeleke kununua viatu, atajaribu kila jozi dukani, atatembea nayo mpaka mlangoni na kurudi, atamuuliza muuzaji, atamuuliza mpita njia, halafu atarudi nyumbani na vile vile vya zamani akisema anakwenda kufikiri. Mkewe Askale huwasimulia watu kwamba alichumbiwa miaka mitatu, na mwaka wa tatu baba yake alimwita Demelash pembeni akamuuliza kama amekuja kuoa au amekuja kukagua nyumba.

Mimi naitwa Ayalneh, fundi cherehani. Duka langu na studio yake vimetenganishwa na ukuta wa mbao mwembamba hivi kwamba yeye akipiga chafya, mimi ndiye ninayemtakia afya. Mwaka wa kumi na tisa huu. Wateja wake wa picha za pasipoti huazima koti langu na tai yangu ya bluu, na nusu ya watu wa mji huu walioko ng'ambo waliingia huko wakiwa wamevaa tai hiyo kwenye picha. Kwa hiyo ninapomsema Demelash, namsema kama mtu wa nyumbani, na yeye hunisema mimi vilevile nikiwa sipo.

Kwa miaka mingi alikuwa na kompyuta moja nene, na ndani yake programu ya kuhariri picha aliyopewa kwenye kisahani cha CD na rafiki, ambaye naye alipewa na rafiki. Ilikuwa nzito. Ukibonyeza, unakwenda kunywa kahawa, unarudi, bado inatafakari. Yeye na mashine hiyo walielewana sana. Mwaka jana mwezi wa Meskerem, unaofungua mwaka wetu, umeme ulikatika na kurudi mara nne asubuhi moja, na mara ya nne kompyuta ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikazimika, ikakataa kuamka. Nilimkuta Demelash amekaa mbele yake, mikono magotini, kama mtu aliyefiwa.

"Pole," nikamwambia.

"Ayalneh, ilikuwa inanijua," akasema.

Askale akatoa akiba yake, wakanunua kompyuta mpakato iliyotumika. Ikawa tatizo la kompyuta limekwisha na tatizo la programu limeanza. Maana ile ya kwenye kisahani haikukubali kuingia kwenye mashine mpya, na sasa Demelash alitakiwa achague nyingine. Nilipolisikia neno hilo, achague, nilijua mwaka huu tuna kazi.

Alinunua daftari la shule, akapiga mistari kwa rula, akaandika programu tatu. Ya kwanza aliiita ya kukodi. Ndiyo anayotumia Selamawit, yule binti mwenye studio upande wa pili wa barabara, na ndiye aliyekuja kumwonyesha.

"Gashe Demelash, chukua hii tu," akamwambia kwa adabu, maana anamheshimu kama kaka mkubwa. "Dunia nzima wanatumia hii."

"Unainunua wapi?"

"Hainunuliwi. Unalipa kila mwezi, kwa kadi ya benki ya nje. Mimi kaka yangu ananilipia kutoka kwake huko."

"Mimi kadi niliyo nayo ni ya zahanati," Demelash akasema, na akaandika kwenye daftari: nzuri, haiwezekani.

Ya pili ilikuwa ya bure. Imetengenezwa na watu wanaojitolea, hawadai chochote. Jambo hilo lilimsumbua zaidi kuliko kudaiwa. "Kwa nini hawadai?" aliniuliza kupitia ukutani kwa siku tatu mfululizo. "Mtu afanye kazi yote hiyo asidai? Wanataka nini?" Na programu yenyewe ina vitufe vingi kama dengu kwenye sufuria. Siku ya kwanza alitaka kupunguza mwanga kidogo kwenye picha yangu. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, nikatokea miguu juu kichwa chini, na rangi yangu kijani.

Ya tatu ilikuwa ya simu. Sisi mtaani tuliiita Gusa, maana ndiyo kazi yake yote: unafungua picha, unagusa mara moja, inasafisha uso yenyewe. Madoa, chunusi, mikunjo, uchovu, vyote vinaondoka.

Akazijaribu zote mbili alizoweza kuzipata, na uso alioutumia kwa majaribio ni wangu, kwa sababu mimi ndiye niliye karibu na silipwi. Nina baka shavuni tangu utotoni na mifuko chini ya macho inayoweza kubeba kilo ya nafaka ya teff. Gusa ikanigusa. Nikatokea mtu wa miaka thelathini, ngozi kama yai lililomenywa. Nilijipenda, sitaficha. Nilimwambia palepale, "Umeshapata. Funga daftari."

Unadhani alifunga? Alimuuliza muuza mitumba. Alimuuliza askari wa barabarani. Padri alikuja kupigwa picha ya kitambulisho, na kabla hajakaa vizuri kwenye kigoda Demelash alishamfungulia daftari. Padri alisoma safu zote tatu kwa upole, akasema, "Mwanangu, mimi nina ubatizo saa nne." Meskerem ikaisha, Tikimt ikaisha, wateja wakawa wanavuka barabara kwenda kwa Selamawit, na Demelash bado anaongeza mistari. Mchagua nazi hupata koroma, lakini huyu hata koroma alikuwa hajalipata.

Ndipo alipoingia Emama Banchiamlak.

Huyu ni mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha akina mama wa kanisa letu la Mariamu. Ana miaka sabini na sita na sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Aliingia studio, akakaa bila kukaribishwa, akaweka fimbo yake juu ya daftari.

"Wewe mtoto," akamwambia Demelash, ambaye ana miaka hamsini na mbili. "Mwezi uliopita tumemzika mwenzetu Fenta. Uliiona picha waliyoweka kwenye hema la msiba?"

"Niliiona, Emama."

"Wanawe wameikuza kutoka kwenye kitambulisho. Jicho moja limefumba, na muhuri umepita kidevuni. Fenta alikuwa mzuri, watu walikuwa wanachelewa misa kwa ajili yake! Halafu siku yake ya mwisho tunakaa siku tatu tunaulilia muhuri." Akapiga fimbo sakafuni. "Tuko arobaini na watatu. Tumekubaliana kila mmoja apigwe picha angali hai, aione, aikubali mwenyewe. Picha hiyo ndiyo watu watakayoililia, wewe, unanielewa? Tunakutana siku ya Mariamu ya mwezi huu wa Hidar. Uzilete zikiwa kwenye fremu. Ukitufanyia vizuri, Mungu akubariki. Ukituharibia, hutapata kwetu harusi wala ubatizo wala mjukuu wa kumpiga picha, mpaka ufunge studio."

Wala hakuwa anatisha tu. Akina mama wale ndio mama na bibi wa nusu ya mji.

Walikuja kwa siku tatu, kumi na tano leo, kumi na tano kesho. Kila mmoja aliketi kwenye kigoda, akasukuma shuka lake jeupe nyuma ya paji la uso, akanyamaza kama yuko mbele ya altare. Mimi nilikuwa nawanyooshea shuka mabegani. Wa mwisho alikuwa Emama Tiruwork, mama mwembamba anayeishi peke yake nyuma ya soko, mtu wa maneno machache. Alishukuru, akaondoka akishika ukuta.

Demelash anajua kupiga picha, hilo simtanii. Zilikuwa nzuri. Lakini studio yetu ina dirisha upande mmoja, na nyuso zilikuwa na kivuli, na kivuli kinataka kuondolewa, na wa kukiondoa ni programu. Zilikuwa zimebaki siku nane. Umeme ukakatika siku tano kati ya hizo nane.

Kompyuta mpakato ikafa chaji. Selamawit naye alikuwa gizani. Simu peke yake ndiyo iliyokuwa hai, maana nilimchajia kwenye betri ya gari la shemeji yangu.

"Gusa!" nikampigia kelele kupitia ukutani.

"Daftari linasema ile ya bure ina alama nyingi zaidi."

"Daftari ndilo litakalosimama mbele ya Banchiamlak? Demelash, haki ya Mungu, gusa!"

Akagusa. Nyuso arobaini na tatu, kati ya chakula cha mchana na kikombe cha pili cha kahawa. Alikuja dukani kwangu ananionyesha kwenye kile kioo kidogo cha simu, anapitisha kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, wote wanang'aa. Hakuwahi kufanya uamuzi kwa kasi hiyo maishani mwake na ulimlewesha. "Kumbe kuchagua ni rahisi hivi!" alisema. Zikachapwa mjini kwenye jenereta, zikatiwa fremu, na mimi kwa mikono yangu nikazifunga kwa karatasi na uzi wangu mwenyewe. Naomba ukumbuke hilo, kwa sababu akina mama walilikumbuka.

Siku ya Mariamu, baada ya misa, walikuwa wamekaa kwenye mabenchi uani mwa kanisa, injera imeshaliwa, mioyo imetulia. Demelash alivaa koti langu na tai ya bluu. Akagawa vifurushi kwa majina. Karatasi zikachanika.

"Huyu ni nani?" mmoja akauliza.

"Umepewa ya mwingine. Nipe nione. Hii si ya Asegedech?"

"Asegedech gani! Asegedech ni mimi, nami nimepewa huyu, simjui."

Wakaanza kubadilishana. Picha zikaenda mwisho wa benchi na kurudi. Mama mmoja alikataa picha yake mwenyewe mara mbili. Mwingine akasema labda ni akina mama wa parokia nyingine. Mimi nilikuwa bado natabasamu, nikidhani wanashangaa uzuri. Ndipo mmoja akainua picha, akaiweka sambamba na uso wa jirani yake, akatazama huku, akatazama huku, akaweka kidole kwenye paji la uso la jirani, halafu kwenye paji la picha.

"Msalaba wake uko wapi?"

Akina mama wa rika lile, kila mmoja ana msalaba wa chale katikati ya paji la uso, rangi ya bluu iliyofifia. Wengi wana mistari shingoni, mitatu au minne, kama mkufu. Wengine wamechanjwa ufizi ukawa mweusi, ili meno yang'ae. Gusa ilikuwa imefuta yote. Misalaba haikuwepo. Shingo zilikuwa tupu. Ufizi ulikuwa wa waridi kama wa mtoto anayeota meno.

"Demelash," Emama Banchiamlak akasema, na safari hii hakupaza sauti, jambo lililokuwa baya zaidi. "Njoo hapa."

Akaenda.

"Nilikuwa na miaka saba. Mama yangu alinishika kichwa katikati ya magoti yake, na mwanamke wa sindano akanichoma asubuhi yote. Uso ulivimba siku nne, nikalishwa uji kwa kijiko. Msalaba huo umeufuta kwa kitu gani?"

"Kwa... kwa kidole, Emama. Si mimi. Ni programu."

"Programu ndiyo nani? Yuko hapa? Muite."

"Si mtu, Emama. Ni kitu cha kwenye simu. Kinaondoa... kinadhani ni..."

"Kinadhani ni nini?"

Mwongo yeyote wa kawaida angepata neno hapo. Demelash si mwongo. "Uchafu," akasema.

Kelele zilizofuata zilirusha njiwa wote wa kanisa. Mmoja alisema siku ya hukumu Mtakatifu Petro atamuuliza muhuri wake uko wapi, naye ataonyesha kitu gani, simu ya Demelash? Mwingine alisema mumewe marehemu atampita bila salamu. Mwingine, mwenye utani, akasema yeye mwenyewe akimwona huyu wa kwenye picha barabarani atamuuliza mama yako umemwacha wapi. Halafu Emama Banchiamlak akanigeukia mimi niliyejificha nyuma ya pipa la maji.

"Na wewe Ayalneh. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa na msalaba mkubwa kuliko huu wangu. Umefunga picha hizi zote kwa mkono wako. Hukuona?"

Sikuona. Nimelelewa chini ya paji lile, nimelibusu kila asubuhi ya sikukuu kwa miaka arobaini, na nilipitisha nyuso arobaini na tatu mbele ya macho yangu nikaona ngozi inayong'aa tu. Niliona aibu, na sijui neno lingine la kuliita.

Hukumu ilikuwa mwezi mmoja. Picha zirudishwe, misalaba irudishwe, na kama mkutano ujao kuna paji hata moja tupu, basi Selamawit yuko ng'ambo ya barabara na miguu yao bado inavuka. Wakarudisha fremu, zikarundikwa mezani. Niliona Emama Tiruwork peke yake bado ameishika yake kwa mikono miwili, anaitazama, hajasema neno tangu mwanzo. Jirani yake akaitoa mikononi mwake kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaiweka na nyingine.

Jumatatu umeme ulirudi. Kupitia ukutani nikamsikia Demelash anafungua kompyuta. Hakuniita, hakumwita Selamawit, na daftari nililikuta kwenye ndoo ya takataka. Alikuwa amefungua ile ya bure, ya vitufe kama dengu, kwa sababu ndiyo pekee iliyomlazimisha aangalie kila inchi ya uso kabla haijafanya lolote. Picha za asili zilikuwa salama kwenye kamera. Saa mbili nzima alikuwa kwenye shavu moja la Emama Banchiamlak, ulimi umetoka kando ya mdomo.

"Inakwendaje?" nikauliza.

"Polepole. Msalaba wake una mikono minane, ulijua? Minane."

Mimi nikachukua zile picha mbovu, nikawa nazitoa kwenye fremu na kuzichana, ili fremu zitumike tena. Nilishachana kama tano hivi mlango ulipofunguliwa, akaingia Emama Tiruwork anahema, ameshika ukuta.

"Msichane yangu," akasema.

Nilitazama mkononi. Nusu ya uso wake ilikuwa mkono huu, na nusu mkono huu.

"Emama, nisamehe," nikasema. "Lakini hii ndiyo mbovu. Demelash anakutengenezea nzuri, yenye msalaba wako..."

"Najua. Hiyo ya msalaba nayo naitaka. Ni yangu." Akakaa kwenye kigoda. "Hiyo uliyoichana si mimi. Jana wenzangu wote wameuliza huyu ni nani. Mimi sikuuliza. Nilimjua hapohapo."

Demelash akageuka kutoka kwenye kompyuta.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Yezina. Tumepishana mwaka mmoja. Mwanamke wa sindano alikuja kijijini nikachanjwa mimi, akasema mwakani atakuja kumchanja yeye. Mwakani hakuja, alikufa. Yezina akabaki na paji tupu. Tulifanana mno, mama alikuwa anatutazama mapaji kwanza ndipo atuite majina." Alicheka kidogo. "Yeye alikuwa analificha chini ya kitambaa ili apewe chakula changu. Alikufa kwa homa ana miaka kumi na tisa. Wakati huo mpiga picha ni Asmara, ni Addis, nani angempeleka? Sina picha yake. Na siku hizi sura yake ilikuwa imeanza kunitoka. Nikifumba macho, naona kitambaa tu."

Nikainama chini ya meza kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

"Kwenye simu ipo, Emama," Demelash akasema. "Sijaifuta. Naichapa leo. Unataka ukubwa gani?"

"Kama wangu. Tulikuwa tunalingana. Na siku yangu ikifika, mtuweke hemani wote wawili, watu watulilie pamoja. Yeye hakuliliwa na wengi."

Demelash aliichukua simu, akaifungua ile picha, akaikuza. Gusa ilikuwa imefuta msalaba lakini mikunjo mikubwa haikuiweza yote; ilibaki kwenye pembe za macho na kando ya mdomo. Akaitazama kwa muda. Alitaka kumfanyia jambo zuri, nilimwona anavyolitafuta.

"Emama, ninaweza kuigusa tena," akasema. "Mara mbili tatu. Hii mikunjo itaondoka. Atakuwa wa miaka kumi na tisa kabisa, kama alivyokuwa."

Emama Tiruwork akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaishika karibu na macho.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mwache azeeke."